Nyaya Mbili za Zahoro

Saa kumi na mbili jioni, Zahoro Mbaruku amechuchumaa juu ya bati la nyumba ya Mzee Bushiri, Kariakoo. Anazungusha mlingoti wa antena taratibu kuelekea Unguja, kunakotoka picha za televisheni.

"Rudisha kidogo," sauti inapanda kutoka uani. "Hapo hapo. Ah, umepita. Zahoro, umelala?"

"Nimelala juu ya bati la moto, ndugu yangu."

Chini yake kuna nyua mbili zinazopakana. Wa kushoto ni wa Mzee Bushiri, mwenye bati. Wa kulia ni wa Mama Tarsis, muuza vitenge kutoka Kilimanjaro, aliyenunua antena na mabomba ya mlingoti. Kila mmoja ana televisheni yake na mabenchi yake. Kiingilio shilingi mbili. Mwaka huu wa 1985, huku Bara tukiwa hatuna kituo chetu, nyua hizo hujaa kama kuna harusi.

Ugomvi ni bei. Mzee Bushiri anataka Mama Tarsis amlipe shilingi hamsini kila jioni kwa ajili ya bati. Mama Tarsis anataka hamsini hiyo hiyo kutoka kwa Mzee kwa ajili ya antena. Na wote wanajua kwamba antena ikigawanywa nyaya mbili, kote kuna chenga. Waya mmoja ukikatwa, aliyebaki anahesabu vifungo vya shati la msoma habari.

Basi kila jioni Zahoro, fundi redio mwenye umri wa miaka 41 na watoto watano, huamriwa kukata.

"Kila nyumba inanipa shilingi kumi na tano," anasema. "Mmoja akimshinda mwenzake, nusu ya chakula changu imekwenda. Wao wanagombana, mimi ndiye ninayekonda."

Leo amri zinakuja pamoja.

"Zahoro, mkate huyo mama. Bati ni langu."

"Baba Bushiri, shikamoo, lakini antena si yako. Zahoro, kata wa kwake."

Zahoro anavuta pumzi. Anakata wa kulia, kisha anakata wa kushoto. Nyua zote mbili zinalipuka kwa kelele.

"Shilingi mbili zangu," anadai mtu.

"Mimi nimekuja na mama mkwe," analalamika mwingine. "Nimwonyeshe nini sasa, kioo?"

Wenye nyumba wanakutana uchochoroni, mara ya kwanza wiki hii. Kwa mara ya kwanza pia wanakubaliana jambo: mkosaji ni Zahoro.

"Mmeniambia nikate, nimekata," anawajibu akishuka ngazi. "Nani hakutii hapa?"

Amechoka kuwa mtumwa wa paa la watu. Amekwisha kununua mabomba manne, na shangazi yake, Bi Zamda, anayekaa nyumba ya tatu, amemruhusu kusimamisha mlingoti wake mwenyewe mwezi ujao.

"Nitawauzia picha wote wawili," anamwambia shangazi alipofika kwake, "antena kwa kila mmoja, bei moja, shilingi thelathini. Hakuna kukatana tena. Haki sawa."

Bi Zamda, anayekaanga maandazi mlangoni, anageuza moja, anamtazama.

"Na mmoja wao akikupa themanini umkatie mwenzake?"

Zahoro anajikuna shingo.

"Themanini," anauliza, "kila jioni?"