Fahali wa Baba Juu ya Tanki

Leo baba ameniuliza hapa Marungu tuna majua mangapi.

Nilikuwa nimempa simu aone kazi yangu ya chuo, maana alishasema sanaa hii ya kompyuta isipomridhisha, nahamia ualimu.

Nimeunganisha picha mbili: fahali wake amesimama juu ya tanki la maji.

Nikangoja kukaripiwa. Wapi!

"Kivuli cha tanki kimelala huku, cha ng'ombe kule. Nani atakuamini, mama?"

Mwalimu wangu hakuliona hilo, na ana miwani.

Saa kumi baba akaita kutoka zizini: "Njoo na simu! Kivuli sasa kimelala vizuri."

Nimemkuta ameshika kamba ya fahali, amevaa koti la kanisani.

Semeni, nimpandishe na yeye?