Mume Wangu Amemfanya Mama Yangu Tangazo la Sabuni

Admin, nifichie jina tafadhali, watu wa Embu watanijua haraka.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Kanyakine huko Meru, nimeolewa na tunaishi hapa mtaa wa Dallas, Embu mjini. Mimi na mume wangu tunatangazia watu biashara. Si matangazo ya kuchapa siku moja na kutoroka. Tunachukua kinyozi, bucha, mtu wa hardware, tunakaa naye mwaka mzima tukieleza watu kazi yake pole pole mpaka jina lake linazoeleka hata kwa mtu ambaye hajawahi kuingia dukani. Mimi naandika, yeye ndiye wa kamera.

Hii kazi haina jioni. Nilikuwa nalisha mtoto wetu Makena kwa mkono mmoja, ule mwingine uko kwa simu nikijibu wateja. Ikafika mahali naanza kulia bila sababu. Daktari akaniambia sina ugonjwa, nimechoka. Ndipo tukakubaliana na mume wangu: Jumamosi jioni hakuna kazi, hakuna simu, hakuna kamera. Nikakusanya akina mama wapangaji wa plot yetu tukaanza kucheza kati, ule mchezo wa kumrushia mpira aliye katikati naye anakwepa, kwa uwanja ulio nyuma ya nyumba, na mpira wa soksi kama ule wa primary. Wamama wazima, leso kiunoni, tunapigana mpira na kupiga kelele! Nilikuwa narudi nyumbani najisikia mtu tena.

Mwaka huu mama yangu akaja kututembelea. Tangu tumzike baba alikuwa amenyamaza, hata ukimwambia jambo la kuchekesha anakuangalia tu. Jumamosi nikamvuta uwanjani akae atutazame. Alitazama kidogo, akavua sweta, akasema, "Nyinyi hamjui kukwepa. Tokeni hapo katikati." Admin, mama alikwepa ule mpira kama msichana! Halafu akateleza, akakaa chini puu, akaanza kucheka. Akacheka mpaka mkojo ukamtoka, sketi ikalowa. Jirani mmoja akamfunga leso haraka na tukacheka naye, si kumcheka. Alipoingia kuoga nilimsikia bado anacheka peke yake. Nikamshukuru Mungu.

Kumbe mume wangu alikuwa kwa dirisha letu la juu na kamera.

Mama alikuwa amesharudi Kanyakine nilipoona alichorekodi. Tuna mteja hapa mjini anayetengeneza sabuni. Nafungua page yake, napata mama yangu ameketi chini kwa vumbi, sketi imelowa, na maandishi ya kumwita nyanya wa watu: "Shosho akicheka mpaka ajikojolee, sisi tuko hapo kuosha." Maelfu ya watu wanacheka.

Nilipomuuliza mume wangu, hata hakuinua macho kwa kompyuta. "Si nimemfunika uso?"

"Na sauti yake? Na hiyo sketi? Kanyakine nzima inamjua!"

"Hakuna mtu amemtukana. Watu wamependa. Huyu mteja sasa anataka tufanye naye kazi miaka, na hiyo ndiyo tumekuwa tukitafuta."

Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana sana. Kuna maneno hayasemwi hata wakiwa chumba kimoja. Na huyu amechukua mkojo wa mama yangu akautafutia mnunuzi. Nililia mpaka akatoa ile video, lakini watu walikuwa wameshaihifadhi. Mama alipopeleka kahawa ya shamba lake factory, vijana wakamwuliza, "Shosho, leo umebeba sabuni?" Aliacha gunia hapo kwa foleni akarudi nyumbani. Akina mama wa plot nao hawachezi tena. Mmoja aliniambia kwa upole, "Mama Makena, hatujui nyumba yako inatuangalia na macho gani."

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Wiki iliyopita mume wangu akaniambia anaenda Meru mjini kuona mteja. Jioni mama akanipigia simu. Baba Makena amekuwa kwake, amempelekea unga, sukari na blanketi.

"Ameniambia mwenye sabuni anataka nianguke tena mbele ya kamera, niwe kama siku ile," mama akasema. "Ameniambia ni wewe ulimtuma, eti uliona haya kuniuliza. Mwanangu, ungeniuliza tu. Kama ndiyo itawashikia kazi, nitakuja."

Nikamwambia nitampigia baadaye.

Mume wangu alipoingia nikamwuliza kwa nini ameweka uongo kwa mdomo wangu. Akacheka. Akasema, "Mum amekubali mwenyewe. Mwenye shida ni wewe." Akakaa mezani akala githeri akamaliza, akaomba aongezwe. Tangu siku hiyo siwezi kula naye meza moja. Nikisikia akitafuna, natoka nje. Nguo zake nazifua nikiwa nimegeuza uso. Sijawahi kusikia kinyaa kama hiki kwa mtu niliyempenda.

Nikimwambia mama ukweli, atajua mkwe wake alimdanganya ndani ya nyumba yake mwenyewe, na huyo ndiye alisimama naye tulipomzika baba. Ataumia kuliko alivyoumia kule factory. Nikinyamaza, atakuja. Mume wangu naye amesema nikiharibu hii kazi nitafute yangu.

Wanataka kurekodi Jumamosi hii. Leo asubuhi mama amenipigia tena, anaongea kwa sauti ya chini kama mtoto anayeuliza mwalimu: "Nataka tu kujua, nisije nikawaaibisha mbele ya huyo mwenye sabuni. Siku hiyo nikunywe maji mengi?"

Nikakata simu. Simu bado iko hapa mkononi. Ndugu zangu, nimwambie nini mama yangu? Na huyu mwanaume niishi naye vipi? Nishaurini, lakini msinitumie ile video.