Mtoto Niliyeogopa Kumzoea

Nilikuwa nimeshazika watoto wawili kabla huyu wa tatu hajazaliwa. Wa kwanza alichukuliwa na surua, wa pili na homa ya siku mbili tu. Ilikuwa miaka ya hamsini, tukiishi Iyunga. Mume wangu kibarua wa barabara, mimi nalima mahindi na maharage. Huyu wa tatu, msichana, alipozaliwa, wanawake wa kanisani walikuja kuniombea. Niliitikia amina, lakini moyoni nilikuwa nimeshakata shauri: huyu sitamzoea.

Si kwamba sikumtunza. Nilimnyonyesha, nilimwogesha kwa maji ya moto, nilimfunga mgongoni nikaenda naye shambani kwenye ukungu. Ila sikumwimbia, wala sikumsemesha. Akinyonya, mimi nilitazama mlangoni. Nilidhani siku akiondoka sitaumia sana.

Hakuwa msumbufu. Angeweza kulala macho kwenye mkeka nusu siku bila kulia.

Alipofika miezi saba, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kwa lori kutoka Ilula. Alimpakata mtoto, akamwita, akampigia makofi polepole mbele ya uso. Mtoto akatazama pembeni.

"Wifi," akaniuliza, "huyu anasikia?"

"Anasikia. Mlango ukigongwa anashtuka."

"Mbona hanitazami usoni?"

Alinitazama mimi, kisha mtoto.

"Unamwogopa," akasema, bila ukali.

Alikaa nasi mwezi mzima. Kila asubuhi baada ya uji alimweka mapajani, akajifunika uso kwa kanga, akauliza, "Shangazi yuko wapi?" Kisha akafunua. "Huyu hapa." Siku za mwanzo mtoto hakujali. Baadaye akaanza kuikodolea macho ile kanga, akingoja. Asubuhi moja alinyoosha mkono, akaivuta mwenyewe, akacheka.

Nilikuwa nachambua maharage. Zaidi ya miezi saba, na sikuwahi kusikia kicheko chake. Nilitoka nikasimama nyuma ya nyumba, nikalia, zaidi kwa aibu kuliko kwa furaha.

Kesho yake wifi akanikabidhi mtoto. "Leo ni wewe."

Nilijifunika. "Mama yuko wapi?" Nilipofunua, mtoto alikuwa amegeuka anamtafuta shangazi yake.

"Endelea," wifi akasema. "Bado hajakujua."

Maneno yale yaliniuma kuliko lawama yoyote. Niliendelea. Hata wifi aliporudi Ilula, na mtoto akashinda siku tatu akilia huku anatazama mlango, niliendelea. Nilicheza naye asubuhi na jioni, nikampigia makofi, nikamwigiza kila sauti aliyoitoa mpaka naye akaanza kuniigiza. Alikaa, akatambaa. Alichelewa kutembea, na maneno yalichelewa zaidi, mpaka alipopita miaka miwili. La kwanza lilikuwa "tazi", yaani shangazi. La kwangu, "mama", lilikuja baadaye, na nililipokea.

Hakufa. Alikua, akasoma, ana watoto wake. Lakini utotoni, akianguka, hakunikimbilia. Alikaa palepale akajipangusa goti mwenyewe. Nilimfuata kila mara nikampakata, naye alitulia tu, akaniachia nimpakate.