Kioo chenye kona iliyokatwa

Jamani, leo nusura niuziwe kioo nilichokibuni mwenyewe!

Niliingia duka la spea pale Sonatubes, hapa Kigali, kutafuta kioo cha pembeni cha gari. Muuzaji akanitolea kimoja: kioo kikubwa juu, kidogo cha mviringo chini, cha kuangalia mtaro wa kando ya barabara. Kona moja ya fremu imekatwa.

Nikakishika, nikakitambua.

Muundo ule niliubuni mimi mwaka 1992, kwenye karakana niliyoiendesha pamoja na Fidele. Fidele huyuhuyu, baba wa ubatizo wa mwanangu!

"Hiki alikibuni mzee Fidele peke yake," muuzaji akasema.

"Na hii kona?"

"Ndiyo siri yake, mama. Inapunguza upepo."

Upepo! Yewe!

Nikampigia Fidele palepale dukani. "Ile kona imekatwa kwa nini?"

Akajibu: "Eh... ni ya upepo, dada."

Sasa sikilizeni. Mwaka ule Fidele aligonga geti kwa pikapu yangu. Mlango ukabonyea, fremu ya kioo ikawa haikai, ndiyo nikaikata kona.

Kaniibia kioo, kasahau hata geti.

Leo kila gari lenye kioo kile linatembeza ajali ya Fidele Kigali nzima, na yeye hajui.

Mngekuwa nyinyi, mngemwambia?