Kahawa ya Mama Keji na Kitabu Kisicho na Jalada

Ipo asubuhi moja ya Juba ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, asubuhi kikombe changu cha kahawa kiliporukwa mbele za watu kwa sababu ya kitabu. Usicheke kwanza. Wala usiseme, "Huyu naye kanizidi miaka kidogo tu, ananiita mwanangu?" Mimi ni dadake mamako, na kwetu dadake mama ni mama, hata akiwa bado anavaa raba na kusuka nywele za rangi. Mamako ameniambia unakwenda kwa mjomba wako Wafula kukaa kiangazi chote ukingoja matokeo, na kwamba begi lako limejaa vitabu kuliko nguo. Nilicheka peke yangu jikoni kwa furaha. Basi tulia nikusimulie.

Mimi nilikwenda hivyo hivyo. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado, kichwa kimejaa ndoto. Nilikuwa nimeona kwenye simu picha za wasichana wameketi mikahawani, kikombe mezani, kitabu mkononi, hawasemi na mtu. Nikajiambia likizo yangu itakuwa hiyo. Kaka Wafula alikuwa tayari anapika kwenye hoteli kule mtaa wa Amarat, na karibu na hoteli palikuwa na mkahawa wa vioo wenye baridi ya mashine hadi unatamani sweta, katika Juba hiyo hiyo ambayo nje jua linakuchoma hadi kwenye viatu. Pazuri, sikudanganyi. Kahawa yao ilikuja na povu limechorwa jani. Lakini kila mtu alikuwa ameziba masikio akiongea na kompyuta yake, na nilipofika mahali pa kuchekesha kwenye kitabu nikainua macho, hapakuwa na wa kumwangalia.

Kaka akaniambia, "Ukitaka kahawa yenyewe nenda mtaa wa Malakia, kwa Mama Keji. Sema wewe ni dadake Wafula."

Kwa Mama Keji hapakuwa na meza. Palikuwa na turubai kubwa iliyofungwa kati ya maduka mawili ya mafundi nguo, viti vifupi vya kamba, na jiko la makaa. Alizikaanga buni za kahawa mbele yako, halafu akakizungusha kikaangio kikifuka moshi, akakisimamisha chini ya pua ya kila mmoja. Unauvuta moshi kwa kiganja, unasema "tamam", yaani safi, anakwenda kwa mwenzako. Ndipo anazitwanga na tangawizi na kuzichemsha ndani ya jebena, kile chungu chao kidogo cha shingo nyembamba. Na sheria ya pale ilikuwa moja: hakuna anayeinua kikombe mpaka kila kikombe kijae. Hata uwe na haraka ya namna gani.

Kitabu nilichokuwa nacho nilikitoa Kitale, kwa wale wauzaji wa kando ya barabara. Jalada lilikuwa limetoka, hata jina lake sikulijua. Kilikuwa cha mwanamke ambaye mumewe, mchimba visima, alikwenda kuchimba kisima mbali asirudi, naye akafunga mzigo akaenda kumtafuta. Siku za kwanza nilikisoma kimya, nimekiinua kama ukuta. Mteja mmoja, Okello, kijana wa bodaboda kutoka Gulu, akashindwa kuvumilia.

"Dada, wewe iko nacheka peke yako. Sisi naogopa. Ni malaria ama ni kitabu?"

Nikawasomea ukurasa mmoja ili waniache. Mwanangu, hawakuniacha. Na mimi sikutaka tena waniache.

Ikawa ndiyo desturi yetu: jebena moja, sura moja. Mama Keji alikipata Kiswahili chake ukimbizini Uganda na alikisema bila kumwogopa mtu. Alikuwa anamgeuzia Mzee Lado kila sentensi kwa Kiarabu cha Juba, maana mzee huyo muuza makaa hakukielewa vizuri. Kwa hiyo Mzee Lado alishtuka baada yetu sote. Sisi tumeshatulia, yeye ndiyo kwanza anashika kifua, "Ya Rabbi!" Basi tunacheka, halafu tunashtuka upya kwa ajili yake. Okello alikuwa akiitwa na abiria barabarani, anawajibu kwa mkono kwamba pikipiki imeharibika. Sijawahi kukisoma kitabu vizuri kama nilivyokisoma kile. Mambo niliyoyaruka kwa macho, wao waliyadaka. Mama Keji alinisimamisha mara nyingi: "Ngoja. Huyu mama amebeba maji ama hapana? Njia yote hii bila maji?" Narudi nyuma, naangalia, kumbe amebeba.

Sasa ikaja Jumapili. Mama Keji siku hiyo hafungui, ni kanisa mchana kutwa. Nilirudi kutoka misa, nikajilaza kwenye mkeka pale nyumbani kwa kaka, mtaa wa Juba Na Bari, kitabu kiko kando yangu. Mwanamke tulikuwa tumemwacha kwenye ukingo wa kisima, anasikia mtu akikohoa huko chini. Nikasema nisome mistari michache tu. Nikasoma sura nzima, nikaongeza nyingine, na nyingine, mpaka ikabaki ya mwisho. Hiyo iliokolewa na kaka aliponiita kula.

Jumatatu nikafungua pale tulipoachia, kana kwamba sijui kitu. Kikohozi kikatoka kisimani. Okello akaruka. Mama Keji akaacha kutwanga. Mzee Lado, zamu yake ilipofika, akashika kifua, kisha akaacha kukitazama kitabu akanitazama uso. Akasema kitu kwa sauti ya chini. Mama Keji akanigeuzia.

"Mzee anasema leo wewe hapana shtuka. Siku zote unashtuka kuliko sisi."

Nikakifunga kitabu. Mama Keji akaanza kumimina. Akajaza cha Okello, akajaza cha mzee, akajaza cha wale mafundi nguo, akajaza chake. Changu akakiruka. Kikabaki kitupu miguuni pangu, kila mtu anakiona.

"Biniya," akaniita, ndivyo wanavyomwita msichana kule. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Hii kahawa mimi ndiyo napika. Harufu yake mimi nasikia kabla yenu wote. Unafikiri mimi hapana tamani? Lakini kikombe yangu inangoja ya Mzee Lado. Wewe jana umekunywa peke yako. Leo unatuletea ile ya chini ya chungu."

Macho yakanijaa machozi. Niliona naupoteza mkusanyiko ule wote kwa ulafi wa mchana mmoja, na likizo yangu ikirudi kuwa ya vioo.

"Mama, mupe hata nusu," Okello akasema. "Akilia hapa, watu nasema ni mimi nimemugonga."

Mzee Lado akauliza kitu tena. Mama Keji akanigeuzia: zimebaki sura ngapi ambazo sijazigusa?

"Moja," nikasema. "Ya mwisho. Naapa sijaifungua."

"Kalas, basi," Mama Keji akasema. "Hiyo ni yetu sisi wote." Akajaza kikombe changu, na ndipo watu wakainua vyao.

Tukasoma hadi pale nilipokuwa nimefika. Ya mwisho tukakubaliana ingoje, maana Mzee Lado alikuwa anakwenda kuleta makaa, na bila mshtuko wake tungesoma nini? Lakini kabla hajarudi matokeo yakatoka, mama akapiga simu nirudi nyumbani, na kaka akanipatia kiti kwenye basi la kesho yake asubuhi kwenda Nimule, mpakani. Kitabu kiko begini. Fikiria, mwanangu. Safari ndefu, kiti cha dirishani, sura moja. Nani angejua?

Alasiri ya kabla ya safari nikaenda Malakia nikampa Mama Keji kitabu.

Akakishika kwa mikono miwili. "Na nani atatusomea?"

Okello akajikuna kichwa. "Mimi nilifika darasa ya tano. Itaenda polepole, lakini itafika."

"Na wewe biniya?"

"Mimi nitakuja kusikia."

Njia yote mpaka mpakani mikono yangu ilikuwa mitupu, nikiangalia vilima na kumtungia yule mwanamke miisho ya kila aina. Sijasafiri kwa raha kama siku ile.

Nilirudi kiangazi kilichofuata. Matokeo yangu hayakuwa ya kutangazwa kanisani, lakini yalinifikisha kwenye kazi ya cherehani ambayo naipenda. Mama Keji aliponiona alipiga vigelegele mpaka mafundi wakasimamisha mashine. Akakitoa kitabu kwenye kopo la sukari, kimefungwa kwa kitambaa safi. Nikamrudishia.

"Nisimulieni nyinyi."

Akakaanga, akazungusha moshi, akamimina. Wakanisimulia wote kwa pamoja, wakikatizana. Yule mwanamke alimpata mumewe, hai. Mama Keji akasema hakupaswa kumsamehe haraka vile. Okello akasema mwanaume ametoka kisimani, aachwe apumzike kwanza. Mzee Lado akaieleza kwa Kiarabu tangu mwanzo, na safari hii aliyeshtuka nyuma ya wote nilikuwa mimi. Sura ile mpaka leo sijaisoma kwa macho yangu, na ndiyo naikumbuka kuliko zote.

Basi mwanangu, nenda. Jua likizidi, ingia mkahawa wa vioo, soma, sikukatazi, usomaji wa peke yako nao una utamu wake. Lakini kitabu kinachokuchoma moyo kipeleke mahali penye watu, ukisome kwa mwendo wa yule anayesikia mwisho. Kikaangio kikipita chini ya pua yako, weka kitabu chini uuvute moshi. Ukiahidi kungoja, ngoja, hata kama hakuna anayekuona. Na ukifika Malakia sema wewe ni mtoto wa yule biniya wa kisima.

Mungu akutangulie barabarani, akupe kivuli cha kusomea na vitabu visivyoisha upesi. Na popote utakapokaa, akupe watu ambao hawatainua kikombe mpaka chako kijae.