Vishikio vya Shaba

Jumatatu tatu mfululizo mpiga ngoma wa bendi ya dansi alifika kwa Idarusi, fundi wa ngoma mtaani Mabawa, kuchagua vishikio vya kukazia ngozi ya ngoma yake ndogo. Alivipapasa kwa kidole gumba, vifupi kisha virefu, akitabasamu kama aliye usingizini. Safari hii Idarusi alivifunga virefu, akauliza, "Vinalia vizuri, bwana?" Kimya. Akapaza sauti, kimya vilevile. Mpiga ngoma alikuwa amefumba macho, shavu kaliegemeza kwenye ubao wa ngoma, akiigonga polepole.

"Hivi," alisema mwishowe, "vinanifika mpaka kwenye meno."

Idarusi akaelewa kwamba masikio ya mteja wake hayasikii. Akamgusa bega, akaitikia kwa kichwa, kisha akavikaza kimoja kimoja, taratibu, asilibandue lile shavu.