Kopo la Mikono Miwili

Jamani, mtu wa Tanga akipewa chombo akaambiwa ni cha kujisafishia, atafikiri nini kingine?

Bosi wangu hapa Annandale, Marekani, ni mama wa Kiyahudi, anafinyanga kwa mkono vyombo vya ibada yao. Alinizawadia kikombe kikubwa cha buluu, chenye mikono miwili. "Cha kujisafishia," akasema. Nilifurahi mno! Miaka yote nahangaika na makaratasi ya chooni ya Wamarekani, kumbe mwenzangu yupo. Nikakipeleka chooni moja kwa moja.

Jumapili akaja kunitembelea na mkate wake. Akaomba anawe kwanza, akaingia chooni kwenye sinki, akakiona.

"Umekiweka karibu na maji!" akashangilia.

Kumbe kwao ni cha kunawia mikono kabla ya mkate! Akajimiminia mkono wa kulia, akajimiminia wa kushoto, kisha akanong'ona dua.

Binti yangu namgombeza kila siku aongee Kiswahili. Anakielewa, lakini hujibu kwa Kiingereza tu. Akaja mlangoni, akamtazama mgeni, akaniuliza kwa sauti, Kiingereza kimenyooka:

"Mama, mbona ananawa kwa kopo letu la chooni?"